Levo ya 92 na mbalamwezi ya Igombe: kisa cha mchezaji aliyechoka asiweze kuacha

Alikuja mezani kwangu Makoroboi, hapa Mwanza, Jumatano mchana, akanipa shikamoo, akaweka simu juu ya kitambaa ninachofanyia kazi.

"Kaka, nitafutie mteja. Bei yoyote."

Mimi ni fundi simu, kwa hiyo niliigeuza kwanza kabla ya kumjibu. Simu ilikuwa nzima, betri haijavimba, chaji inaingia vizuri. Kilichochakaa ni protekta, na ilichakaa sehemu mbili tu: katikati, na kona ya chini kulia. Mikwaruzo midogo ya gumba imejaa hapo mpaka plastiki imefifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi, halafu sehemu nyingine zote zinang'aa. Nilijua anacheza nini bila kuuliza, maana na mimi nimelicheza gemu hilo miaka. Katikati ndipo unapogusa maji kuvua samaki. Kona ya chini kulia ndipo begi lako linapokaa.

"Una shida ya hela?"

"Hapana, kaka. Gemu limenichosha. Na nikibaki na simu siachi."

Watu wengi wanadhani hayo mawili hayakai kwa mtu mmoja. Ukichoka utaacha, usipoacha, basi bado unapenda. Nimeona wachezaji wengi ambao raha iliisha zamani na bado kila usiku wapo. Kisa cha kijana huyu nimekifuatilia tangu mwanzo kwa kuwa kinaonyesha wazi jinsi inavyotokea, na kwa kuwa dawa ya kwanza niliyompa mimi mwenyewe ilimzidishia tatizo. Ameniruhusu niandike. Jina lake naliacha. Nitamwita Dogo, kama ninavyomwita.

Dogo ana miaka 24, anaishi Igombe, kando ya Ziwa Victoria, na mama yake. Mama ananunua dagaa wabichi kwa ndoo mitumbwi inapotia nanga alfajiri, wanaanika, wakishakauka magunia yanapelekwa Mwaloni Kirumba kwa wanunuzi wa jumla. Kwa msomaji aliye mbali na ziwa: dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa inawavuta pale tu ambapo kuna giza. Mwezi ukiwa mkubwa, maji yote yana mwanga na dagaa hawana haja ya kufuata taa ya mtu. Kwa hiyo kila mwezi wavuvi hupumzika siku kama kumi hivi. Maisha ya Igombe yana vipindi viwili, giza na mbalamwezi, na kijana wa mwalo anajua yuko kwenye kipindi gani bila kutazama kalenda.

Gemu lenyewe ni Old School RuneScape, la kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza. RuneScape ya kwanza ilitoka 2001. Hii ya "zamani" ilirudishwa Februari 2013 kutoka kwenye nakala ya mwaka 2007, kwa kura za wachezaji, na tangu Oktoba 2018 inachezwa kwenye simu kwa akaunti ileile ya kompyuta. Linakula bando kidogo na linakubali simu ya kawaida, ndiyo maana limefika mpaka Igombe. Una mhusika wako, anajifunza stadi: kuvua, kukata miti, kupika, kupigana. Kila stadi inapanda levo mpaka 99.

Kuna upande wa bure na upande wa kulipia. Upande wa kulipia unaweza kuingia bila kutoa hata shilingi, ukinunua kitu kinaitwa bondi kwa sarafu za ndani ya gemu. Bondi moja inakupa siku 14. Dogo hajawahi kulipa hela halisi, na alijivunia hilo. Alimwambia hata mama yake: hili gemu najilipia mwenyewe kwa jasho langu humohumo ndani.

Nataka msomaji ashike hapo, kwa sababu ndipo tatizo lilipozaliwa, ingawa wote wawili tulidhani limezaliwa kwingine.

Tulidhani limezaliwa kwenye levo ya 92.

Dogo alikuwa anafuata 99 ya kuvua. Siku aliyofika 92 alifurahi sana, akaandika kwenye kundi lake la wachezaji wenzake kwamba zimebaki saba. Mwenzake wa Uholanzi akamjibu kwa upole kwamba yuko nusu ya njia. Dogo akadhani ni utani. Si utani. Kufika levo ya 92 kunahitaji pointi 6,517,253. Kufika 99 kunahitaji 13,034,431. Mahitaji yamepangwa yawe yanaongezeka karibu mara mbili kila levo saba, kwa hiyo levo saba za mwisho zina uzito sawa na levo 91 zilizotangulia. Papa mmoja anatoa pointi 110. Nilikaa na Dogo tukapiga hesabu nyuma ya risiti: kama angevua papa tu, walibaki papa 59,248. Begi lina nafasi 28. Ni mabegi 2,116 ya kujaza na kwenda kushusha benki.

Alisema aliposikia habari hiyo aliweka simu chini akatoka nje, akakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa kwa muda mrefu. Siku iliyofuata aliingia tena. Akavua. Hakuandika chochote kwenye kundi.

Mtu akisikia hadithi hiyo atasema motisha ilikufa siku ile. Na mimi nilisema hivyo. Nikamwambia asiuze simu kwanza, aende na daftari, kwa siku 14 aandike kila anapoingia: saa ngapi, amefanya nini, ametoka akijisikiaje. Neno moja linatosha.

Alirudi na daftari la mistari lenye madoa ya mafuta ya taa. Nilijumlisha saa 43. Kati ya hizo, 31 zilikuwa za kutafuta sarafu za bondi: kuvua na kuuza, na akichoka kuvua anakwenda kuua majoka ya kijani kwa ajili ya ngozi. Saa saba za kundi, hasa Jumamosi usiku, kupambana na mabosi, yale maadui makubwa ya gemu. Zilizobaki, hiki na kile.

Safu ya tatu ndiyo iliyonishika. "Sawa." "Sawa." "Usingizi." "Sawa." Siku ya tisa aliandika: "Nimevua. Sijui nimevua nini." Siku ya kumi na moja peke yake ilikuwa na sentensi tofauti, "Leo nimecheka," na pembeni saa yake ilikuwa dakika 50 tu. Nilimuuliza siku hiyo ilikuwaje. Mpwa wake wa kidato cha pili alimwomba amwonyeshe gemu. Akamfungulia akaunti mpya ya bure, wakaanza misheni ya kwanza kabisa, ile ya mpishi wa ngome anayehitaji yai, maziwa na unga ili aoke keki. Yule binti alimkamua ng'ombe, akaenda kinu cha unga, akatumbukiza ngano bila kuvuta mtambo wa juu, akashuka chini kutafuta unga ambao haupo. Dogo alicheka mpaka mama akauliza kuna nini.

Hapo nilikuwa na kila kitu mkononi, na bado nilikosea.

Nilitazama saa 43 nikaona ni nyingi. Nikamwambia: mwisho saa mbili kwa siku, weka kengele, ikilia toka. Ushauri huo utausikia kwa kila mtu, kwa mzazi, kwa mwalimu, kwa mchungaji, na hauonekani kuwa na ubaya. Dogo ni kijana msikivu, akaufuata kwa wiki mbili kamili. Aliporudi alikuwa amechoka kuliko mwanzo, na safari hii alikuwa na hasira.

Saa mbili kwa siku kwa siku 14 ni saa 28. Bondi ilikuwa inamgharimu saa 31. Nilikuwa nimempa muda usiotosha hata kulipia ruhusa ya kuwemo, na hesabu hiyo ilikuwa mbele yangu kwenye daftari, kwa mwandiko wake. Alichofanya ni kile ambacho mtu yeyote mwenye deni hufanya: aliacha kwanza yale yasiyolipa. Akaacha kundi, akaacha misheni, akamwambia mpwa wake "kesho". Saa zake zote mbili zikawa za sarafu. Nilipunguza muda wa kucheza, na kilichokatika kilikuwa mchezo wenyewe. Kazi ikabaki nzima.

Ndipo nikaona levo ya 92 haikuwa chanzo. Ilimuuma kwa sababu tayari alikuwa kama mpangaji anayefanya kazi ili alipe kodi. Mtu anayevua kwa raha akiambiwa bado nusu ya safari, anasema sawa, ziwa ni kubwa. Aliyekuwa anavua ili alipe kodi ya siku 14, halafu avue tena alipe nyingine, akiambiwa bado nusu anasikia hukumu.

Kuna utafiti wa 1973 wa Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett ambao naurudia kila mara kwa wazazi wanaokuja mezani kwangu. Walichukua watoto wadogo wa chekechea waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa cheti kama watachora, wakachora, wakapewa. Wengine walichora tu. Baadaye kalamu zikaachwa mezani bila ahadi yoyote, na wale walioahidiwa cheti walichora kwa muda wa karibu nusu ya wenzao. Wale waliopewa cheti kwa kushtukizwa, bila kuahidiwa, hawakupungua. Kwa hiyo zawadi yenyewe haikuwa na sumu. Sumu ilikuwa kuanza kufanya jambo unalolipenda kwa ajili ya kitu kingine. Bondi ya Dogo ilikuwa cheti cha kila wiki mbili.

Niseme kidogo kuhusu ugonjwa, kwa sababu mjomba wake alikwishatamka neno hilo nyumbani na lilimuumiza kijana. Shirika la Afya Duniani limeutambua ugonjwa wa kucheza gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Lakini masharti yake ni mazito: mtu ameshindwa kujitawala, gemu limekuwa mbele ya kila kitu, anaendelea ingawa linamwangamiza, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 na imeharibu maisha yake kweli: familia, shule, kazi. Mimi si daktari. Ila Dogo hakuwahi kukosa mtumbwi hata alfajiri moja, hakuiba, hakudanganya. Tatizo lake lilikuwa kukosa usingizi. Aliye na mtoto anayetimiza masharti hayo ampeleke kwa wataalamu, asimlete kwa fundi simu. Na asiyetimiza asipewe jina la ugonjwa kwa hasira ya mezani.

Kutolala kwake kulikuwa na sababu ambayo ningeiona mapema kama ningekwenda kwao mapema. Kundi lilikutana saa mbili usiku kwa saa za Uingereza. Kwetu hiyo ni saa nne usiku wakati wa kiangazi chao, na saa tano wakati wa baridi. Mabosi yanaisha saa saba au nane. Mitumbwi inarudi alfajiri.

Nilikwenda Igombe Jumapili moja. Nilimkuta mama amechutama pembeni ya chanja, anageuza dagaa kwa viganja viwili, anawainua na kuwaachia waanguke upande wa pili, wengine bado wana rangi ya fedha mgongoni na wengine wamekwisha kuwa kijivu na kulia kama majani makavu. Hakuacha kazi tulipoongea. Nilimwamkia, nikamweleza mimi ni nani, akaniambia anajua, mwanawe ananitaja. Kisha akasema maneno ambayo ndiyo yaliyotupa njia.

"Mwanangu, mimi simkatazi kucheza. Mbalamwezi ikiwaka nami napumzika, nakwenda kwa ndugu zangu, nasuka nywele. Lakini gemu la huyu halina mbalamwezi. Giza anacheza, mwanga anacheza."

Nilimtazama Dogo, naye akanitazama. Siku 14 za bondi. Siku kumi za mwanga, na mbili kila upande.

Tulipanga hivi, tukiwa tumekaa palepale. Kipindi cha giza hachezi upande wa kulipia kabisa, uanachama uishe wenyewe. Mbalamwezi ikikaribia anafungua bondi moja. Lakini hilo peke yake lingerudia kosa langu, maana bado angetumia mwanga wote kutafuta bondi ya mwezi unaofuata. Deni lilipaswa kufutwa kwanza. Benki yake ya ndani ya gemu ilikuwa na silaha na mavazi ya vita aliyonunua kwa sababu kundi lilitaka kila mtu awe navyo, na mengine hakuwahi kuyavaa hata mara moja. Aliyauza. Ilimchukua siku tatu kukubali, na sikumharakisha. Vitu vile vilikuwa na miezi ya maisha yake ndani. Akapata bondi nne, akaziweka benki, kwa sababu bondi haiozi, inakaa mpaka utakapoifungua.

Kuhusu saa za kila siku hatukuweka kengele. Alijiwekea kwamba saa nne usiku simu inabaki kwenye meza ya mama, mwanga au giza.

Mtu anaweza kuuliza tofauti iko wapi, si bado ni kupunguza? Jibu zuri liko kwa waliotengeneza World of Warcraft, iliyotoka 2004. Wakati wa majaribio waliweka utaratibu kwamba ukicheza muda mrefu, pointi zako zinapungua nusu, ili watu wapumzike. Wachezaji waliuchukia. Watengenezaji wakageuza maelezo: aliyepumzika anapata asilimia 200, asiyepumzika anapata asilimia 100 ya kawaida. Hesabu ni ileile, na watu wakaupenda. Kengele yangu ilikuwa adhabu. Mbalamwezi ni msimu, na Dogo amezaliwa ndani ya msimu huo. Hakuna aliyehitaji kumfundisha kuuheshimu.

Aliwahi kujaribu pia kuhamia Genshin Impact kwa siku tisa, kwa kudhani gemu linalojiwekea kikomo litamsaidia. Lina nguvu inayojijaza moja kila dakika nane mpaka 200, yaani inajaa kwa saa 26 na dakika 40, kisha inaacha kuongezeka. Dogo alianza kuamka kwa hofu ya kuipoteza. Na kazi za kila siku kwenye seva ya Ulaya zinaanza upya saa kumi na mbili asubuhi yetu, wakati mikono yake iko ndani ya ndoo ya dagaa. Kikomo kilichowekwa na mwenye gemu kinalinda ratiba ya gemu.

Matokeo si masafi. Mwezi wa kwanza wa giza alikuwa na wasiwasi, alinipigia mara mbili kuniuliza kama ni sawa kuingia "kuangalia tu". Nikamwambia aingie upande wa bure na mpwa wake akitaka. Waliingia. Mpwa alikwishafika kuvua kamba, anamuuliza maswali ambayo Dogo ilibidi afikirie kuyajibu. Kundi lake halikufurahi. Cheo chake alichokuwa nacho kilipewa mwingine, bila ugomvi, na ilimuuma. Aliniambia wale watu wamekuwa naye miaka mitatu na hawajui hata Igombe ni wapi. Sikuwa na la kumfariji. Bado anacheza nao Jumamosi moja kwa mwezi, ile inayoangukia kwenye mwanga, na siku hiyo anamwambia mama mapema na simu haiendi mezani.

Mwezi wa tatu alivunja mpango. Mvua zilishika, dagaa hawakauki, pato likashuka, akaanza kuvua usiku kucha kwenye simu kwa siku nne mfululizo. Safari hii alijitambua mwenyewe. Aliniletea daftari bila kuulizwa, ameandika: "Nimevua kwa sababu ya mvua." Hakukuwa na haja ya kuongeza neno.

Papa anavua bado, ila sasa akiwa anaongea na mtu. Yuko levo ya 93. Misheni alizoruka kwa sababu hazikuwa na sarafu anazifanya moja moja, na akimaliza ananisimulia hadithi yake kwa urefu, nikiwa nimeinamia kioo cha mteja.

Wiki iliyopita alipita kubandika protekta mpya. Niliivua ile ya zamani, nikaiweka kwenye mwanga tukaitazama wote wawili, madoa yake mawili ya ukungu. Nilimuuliza bondi zimebaki ngapi.

"Moja, kaka."

"Ikiisha?"

"Bado sijaamua. Mpwa anataka nimpeleke kwenye ile misheni ya vampaya, na hiyo iko upande wa bure." Akalipa, akaangalia saa, akasema daladala za Igombe zitajaa. Ilikuwa giza la siku ya tatu, na mama alikuwa ameagiza ndoo sita.